Kuku Asiye na Uzi Mguuni

Wanangu mnaosoma mapishi hapa Tanga, mmeniandikia mkiniomba siri za kupika kwenye televisheni. Nimeusoma ujumbe wenu mara mbili na nimefurahi. Naona wengi mnataka kusimama mbele ya kamera, na si vibaya. Nitawaambia ninayoyakumbuka, bila kuyapanga sana, na nianze na lile kubwa kuliko yote: chakula cha televisheni hakiliwi.

Msishtuke. Ngojeni nieleze taratibu.

Chukua mchicha. Ukiuivisha vizuri ukautia chumvi kama ulivyofundishwa nyumbani, utakula na kushukuru. Lakini uweke chini ya taa za studio. Baada ya dakika tano umenywea kama kitambaa cha kudekia, na sahani imejaa maji, kwa sababu chumvi huvuta maji. Basi mchicha wa televisheni huchovywa kidogo kwenye maji ya moto, hutupwa kwenye maji ya barafu, halafu hupakwa mafuta kwa brashi. Chumvi hauioni kabisa. Unameta, na mtazamaji nyumbani anameza mate. Ukiutafuna ni kama unatafuna pazia. Aiskrimu ni viazi vilivyopondwa na sukari ya unga, maana ile ya kweli inayeyuka kabla mpiga picha hajakohoa. Na ule mvuke mzuri juu ya bakuli la supu ni pamba iliyoloweshwa, ikapashwa moto, ikafichwa nyuma ya bakuli.

Kazi hiyo niliifanya Dubai miaka saba, ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, kwenye kipindi cha mapishi cha lugha ya Kifaransa. Studio yetu ilikuwa ghala la zamani nje ya mji. Sisi wafanyakazi tuliletwa na basi la kampuni kutoka Al Mankhool alfajiri, na mwenye kipindi alikuja na gari lake kutoka Dubai Marina, jua likishawaka.

Mwenye kipindi tumwite Chef Lucien. Alikuwa mrefu, nywele kama zimechorwa kwa kalamu, na sauti ya kumlaza mtoto. Kipindi chake kilikuwa cha kuwafundisha watu wa kawaida mapishi ya kwao kwa Kifaransa chepesi, maneno machache, vyombo vichache, asiachwe mtu nyuma. Walikitazama Wafaransa wa pale mjini, Walebanoni, Wamoroko, hata Wasenegali. Kila mara alikifungua kwa maneno mawili ambayo niliyajua kabla sijajua salamu ya Kifaransa: "Rahisi tu!"

Keki ya matabaka tisa, rahisi tu! Bata aliyetolewa mifupa yote akabaki bata, rahisi tu! Mimi nyuma ya ukuta wa mbao, nimesimama tangu alfajiri, bata wa nne mkononi, nasikia ile "rahisi tu" nikitazama vidole vyangu vilivyofungwa plasta.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Sahani moja ya Chef Lucien ilikuwa sahani nne za kwangu. Ya kwanza mbichi, ili aanze nayo. Ya pili nusu, ili afunue sufuria aseme, "Tazameni, tayari imebadilika rangi!" Ya tatu imeiva, ya kutoa kwenye oveni. Na ya nne ile ya kupigwa picha kwa karibu, ambayo sisi Waswahili wa jikoni tuliiita maiti, kwa sababu huoshwa, hupakwa mafuta, hulazwa vizuri, na hakuna anayetia mdomo.

Maiti wa kuku ndiye mgumu kuliko wote. Kuku akiiva kweli ngozi yake hujikunja na kifua hushuka. Kwa hiyo maiti unampitisha motoni kidogo tu, ngozi ikazike, ndani bado damu. Halafu unampaka rangi: sosi ya soya, sukari guru iliyoyeyushwa, na tone la sabuni ya vyombo ili rangi ishike. Anatoka kuku mzuri hata unasikitika. Na ukimla, unalazwa hospitali.

Aliyenifundisha hayo ni mama mmoja wa Sri Lanka, Kumari, aliyekuwa pale kabla yangu. Siku yangu ya kwanza alinipa maharage mabichi niyachemshe. Nikayachemsha kwa heshima zote, mpaka yakaiva. Akaja Madam Nadine, Mlebanoni aliyekuwa msimamizi wa kipindi, akayatazama kama anatazama ajali.

"Nani ameyaua haya?"

"Mimi, madam. Yameiva."

"Nani alikwambia yaive? Yalla, tupa!"

Kumari hakucheka mbele yake. Baadaye alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akanieleza kwa Kiingereza chake cha polepole: hapa hatupikii mdomo, tunapikia jicho. Halafu akatoa mfukoni kibunda cha uzi wa buluu. "Lakini tumbo lipo," akasema. "Watu wamefunga, wamechoka, wana njaa, wanadokoa. Kila maiti mfunge uzi mguuni. Kila mtu ajue." Alipoondoka kurudi kwao aliniachia uzi ule, na kila mtu alijua. Hata Chef alijua: mwenye uzi haguswi.

Niwaeleze sasa jambo la karatasi, maana hapo ndipo roho yangu ilipokuwa imetundikwa.

Mimi niliingia Dubai kama msafishaji. Kwenye kibali changu cha kazi, pale penye neno la kazi yako, paliandikwa hivyo. Nikahamishiwa jikoni mwezi wa pili, nikapika miaka yote hiyo, na karatasi ikabaki pale pale. Mji ule unakujua kwa karatasi. Nikienda kuomba kazi kwenye mkahawa wowote, mtu anatazama karatasi, ananitazama mimi, ananionyesha ndoo. Chef Lucien, ambaye kabla ya televisheni alikuwa akiuza sufuria kwenye duka kubwa, akiwaonyesha wapita njia jinsi yai lisivyoganda, kwenye karatasi aliandikwa mpishi mkuu. Simsengenyi. Alikuwa mtu mwema, anakumbuka majina ya wote, na hakuwahi kumfokea mtu. Kukatakata kotimiri alikujua hasa, kisu kilikuwa hakionekani. Ila kupika hakupika. Nafasi ya kupika angeipata wapi, na sisi tulikuwa tunamaliza kila kitu?

Pale wote waliniita Mwana. Kila mwaka nilimwendea Madam Nadine. "Madam, ile karatasi."

"Inshallah, Mwana. Nitamwambia mandubu." Mandubu ni yule mtu wa kampuni anayezunguka na pasi zetu kwenye ofisi za serikali.

"Madam, mwaka jana ulisema inshallah."

"Na mwaka huu nimesema tena. Unaona ninavyosimama na neno langu?"

Nicheke au nilie? Nilicheka, nikarudi kwenye bata.

Kabla sijafika kwenye siku ya yule kuku asiye na uzi, niwaambie kuhusu Otieno, maana bila yeye Ramadhani zangu zingekuwa shida. Otieno alitoka Kisumu, alikuwa mwosha vyombo, na nikiwa nimefunga yeye ndiye ulimi wangu. Hata kwenye kazi ya kupikia jicho, ile sahani ya tatu ilibidi iwe na ladha, maana siku nyingine mgeni huonja. Basi namwita.

"Otieno, chumvi?"

"Iko sawa, Dada Mwana. Lakini wacha nionje tena nihakikishe."

"Umeonja mara tano."

"Dada, mimi ni mtu wa kuwa na uhakika. Na hiyo nyama hapo kando, hiyo hujaniuliza."

Kwa Otieno kila kitu kilikuwa sawa. Supu isiyo na chumvi, sawa. Supu ya chumvi mara mbili, sawa sana. Ramadhani moja mgeni alikunywa supu ya samaki mbele ya kamera, akatabasamu, akaomba maji, akaomba maji tena, kipindi kikaisha akiwa bado anaomba maji. Tangu hapo nikawa nampima Otieno kwa macho: akilamba kijiko mara moja, chumvi haipo, akilamba na kukitazama, ipo ya kutosha. Jifunzeni kusoma uso wa anayeonja. Mdomo wake una adabu, utawaficha.

Sasa siku yenyewe.

Kampuni iliyokuwa ikitupa oveni na kugharamia kipindi ilitaka kipindi kimoja kirushwe moja kwa moja, bila kukata, na meneja wake akiwa mgeni. Huyo sisi tulimwita Sir tu. Ale kuku wa haradali mbele ya watazamaji, aliyetoka kwenye oveni yake. Madam Nadine alikuja jikoni wiki nzima kabla, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akafunga mlango.

"Mwana. Siku hii ikipita salama, kesho yake naandika barua. Mpishi. Naapa."

Hakusema inshallah.

Siku ilipofika niliwapanga kuku wangu wanne kama mabibi harusi wanne. Mbichi mezani. Wa nusu kwenye sufuria. Aliyeiva, wa kuliwa, kwenye oveni ya chini. Na maiti kwenye rafu ya pembeni, kwa sababu mwanzoni Chef angemwonyesha kwa karibu, "Hiki ndicho tutakachopika leo," kisha angemrudisha rafuni. Mwishoni angefungua oveni na kumtoa yule wa kweli. Tulifanya majaribio mara tatu, kila kitu sawa.

Zikiwa zimebaki dakika kumi, Madam Nadine akaja mbio. "Uzi! Unaonekana! Kamera mpya hizi zinaonyesha mpaka vinyweleo. Kata, kata!"

Nikachukua mkasi nikakata. Hapo ndipo kosa langu lilipo, wanangu, na silisukumi kwa mtu. Madam alikuwa na haki ya kuamuru uzi ukatwe. Lakini kumwambia Chef kwamba leo hakuna uzi ilikuwa kazi yangu. Alikuwa anapakwa poda. Nikajisemea, akitoka nitamwambia. Akatoka, nikawa napanga vijiko. Nikajisemea, anajua mahali, amefanya majaribio mara tatu. Halafu taa nyekundu ikawaka, na mlango wa kusema ukafungwa.

Mambo yalikwenda vizuri kwa dakika ishirini. "Rahisi tu!" Kotimiri ikaruka. Sir akacheka panapotakiwa. Mimi na Otieno tumesimama nyuma ya mstari wa njano uliobandikwa sakafuni, ambao sheria yake tuliijua: anayeuvuka bila kuitwa wakati kamera zinafanya kazi, anarudi kwao.

Chef akafungua oveni, akainama. Akamtazama kuku wangu aliyeiva.

Niwaambieni kuku aliyeiva anafananaje. Anafanana na chakula. Ngozi imejikunja, mguu mmoja umelegea, mchuzi umemchuruzika ubavuni. Chef Lucien alikuwa amefanya kazi miaka yote ile na maiti. Akamtazama yule, nikaona uso wake unajiuliza: huyu hana sura, huyu lazima ndiye wa kutupwa. Akageuza macho rafuni. Pale alilala yule mwingine, anang'aa kama kiatu cha sikukuu. Hakuna uzi kwa huyu, hakuna uzi kwa yule. Akaona mimi nimechanganya nafasi na yeye ananiokoa. Akafunga oveni taratibu, akatabasamu kwa watazamaji, akamchukua maiti.

"Dada," Otieno akaninong'oneza, "hiyo kuku si ndio ya sabuni?"

"Ndiye."

"Wacha nipige kelele."

"Nyamaza."

Chef akamweka mezani. Sir akainua uma. Kwa jinsi kuku alivyopakwa, kisu kilipogusa paja ile rangi ilipasuka kama gamba, nami nikaiona nyama ya waridi ndani, lakini Sir alikuwa anaangalia kamera, kama alivyoelekezwa.

Niliwaza karatasi yangu. Sitawadanganya kwamba nilimwaza mgeni kwanza. Niliiona karatasi, nikaliona neno jipya juu yake, nikaona linafutika. Nikimwacha ale, labda atameza kidogo tu, labda ataumwa kesho, na kesho barua itakuwa imeshaandikwa. Niliwaza hivyo kwa muda wa uma kutoka sahani mpaka kidevuni.

Halafu nikauvuka mstari.

Nilikuwa na aproni yenye madoa na kandambili. Nikaondoa sahani mbele ya Sir, nikasema kwa Kifaransa changu cha sufuria, ambacho hakikuzidi maneno thelathini, "Hapana. Huyu hajaiva." Nikafungua oveni nikamtoa yule mwenye sura mbaya, nikamweka.

Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo nilimwona Madam Nadine ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Chef Lucien hakujua kupika, lakini mdomo alipewa. Akaniwekea mkono begani, akawaambia watazamaji jambo refu, akicheka. Baadaye nilitafsiriwa: kwamba leo amewaletea zawadi, kwamba huyu ndiye Mwana, mpishi wake, na kwamba amewawekea mtego makusudi waone tofauti ya kuku mzuri wa kutazama na kuku mzuri wa kula. Makusudi! Jasho lilikuwa linamtoka mpaka poda ikaacha mito.

Sir akala. Akala tena bila kuangalia kamera. Kisha akaniuliza mimi, si Chef, nimefanyaje. Nikatafuta kwenye yale maneno yangu thelathini. "Pika," nikasema. "Funika." Nikatafuta tena. "Subiri."

"Subiri kiasi gani?"

"Mpaka aive."

Wakacheka wote, hata mpiga picha. Lakini fikirini: miaka yote ya kipindi kile, hakuna aliyewahi kumwambia mtazamaji asubiri.

Taa nyekundu ilipozimika Madam Nadine alikuja akitembea polepole, na hapo ndipo niliogopa. "Umevuka mstari," akasema. "Moja kwa moja, mbele ya Sir. Na kandambili! Khalas, Mwana. Imekwisha." Nikavua aproni. Otieno akasema, "Lakini madam, angekula ile mbichi..." naye akaambiwa arudi kwenye masufuria yake.

Siku mbili nilikaa chumbani Al Mankhool nikikunja nguo na kuzikunjua. Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa Madam Nadine, na sauti yake ilikuwa tamu kama ya Chef.

Mandubu alikuwa amekiona kipindi. Akapiga simu ofisini akiwa amepandwa na wazimu: yule mwanamke mliyesema mbele ya dunia nzima ni mpishi, kwenye faili langu ni msafishaji. Mkaguzi akikiona tutajibu nini, na faini atalipa nani? Njia zilikuwa mbili tu, kuniondoa nchini au kubadilisha karatasi. Walikuwa wanaelekea kwenye ile ya kwanza, ndipo Sir naye akapiga simu, anamtaka yule mama wa Subiri aje kusimama kwenye duka lake jipya la oveni. Wakabadilisha karatasi. Kilichonishinda kwa miaka ya kuomba kilichukua siku tisa.

Kwa hiyo mkiniuliza ni ustadi gani uliniinua, nitawajibu kwa aibu kidogo kwamba ni hofu ya faini. Ustadi nilikuwa nao tangu mwaka wa kwanza na haukumshtua mtu. Jueni kazi yenu, lakini pia someni kila karatasi mnayotia sahihi, hasa lile neno dogo la kazi. Msione haya kuuliza, na mkijibiwa inshallah, ulizeni lini.

Madam Nadine aliniomba nibaki, niwe naingia kila kipindi mara moja, niseme "Subiri", nitoke. Kandambili zile zile, alisisitiza, watu wamezipenda. Nikamshukuru. Nikaenda na karatasi yangu mkahawa mmoja wa Oud Metha, mwenye mkahawa akaitazama, akanitazama, akanionyesha jiko. Nilipewa mwezi mmoja wa kumalizia studio kabla ya kuhama.

Ndani ya mwezi ule, asubuhi moja, nilikuta gari la Chef Lucien limeshafika kabla ya basi letu. Alikuwa jikoni kwangu, upande wa nyuma ya mbao, ambako sikuwahi kumwona. Hajapakwa poda, na bila poda alikuwa na umri wa kaka yangu mkubwa. Amenunua kuku mwenyewe, bado yuko kwenye mfuko.

"Mwana," akasema, "siku ile mimi sikumjua aliyeiva ni yupi."

"Najua, Chef."

"Nifundishe kabla hujaondoka. Usimwambie Nadine."

Nikamwonyesha, kama ninavyowaonyesha ninyi. Usiangalie rangi, rangi inapakwa. Mshike mguu uutikise: ukikataa, bado, ukilegea mkononi, umekaribia. Toboa paja mahali paliponona, tazama maji yanayotoka: mekundu, bado, ya waridi, bado, meupe kama maji ya kawaida, ameiva. Na unuse. Harufu ya ngozi huja mapema ikakudanganya, harufu ya mfupa huja mwisho.

Akamtia haradali, akamtia motoni, akataka kufungua kila dakika tatu nikamkataza. Tuliketi kwenye ndoo mbili tukazungumza habari za mama yake, ambaye kumbe hakuwahi kukitazama kipindi. Muda ulipofika akamtoa mwenyewe, akatikisa mguu, akatoboa, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kuungua. Akanigeukia.

"Ameiva?"

"Mimi siangalii, Chef. Niambie wewe."

Akamtazama tena yule kuku. Akatoboa paja la pili, akayachungulia maji, akanusa mara nyingine.

"Bado," akasema.

Akamrudisha kwenye oveni, akafunga mlango, akakaa kwenye ndoo yake. Na kweli, alikuwa bado.